Rube Foster na kitabu kilichoanza alipokwisha kurusha

Tarehe 29 Mei 2024 wakuu wa besiboli ya Marekani waliingiza rasmi katika kitabu cha rekodi za ligi kuu takwimu za wachezaji zaidi ya 2,300 waliocheza katika ligi za Weusi kati ya mwaka 1920 na 1948. Siku hiyo Josh Gibson, aliyefariki Januari 1947 bila kuwahi kuvaa jezi ya timu yoyote ya ligi kuu, akampita Ty Cobb na kuwa mpigaji mwenye wastani bora kuliko wote: .372 dhidi ya .367, yaani mapigo 372 yaliyofaulu katika kila zamu 1,000. Magazeti yalishangilia, na yalikuwa na kila sababu ya kushangilia.

Swali ambalo halikuulizwa sana ni kwa nini hesabu ianzie 1920. Jibu la wakuu ni la kiufundi: mwaka huo ndipo ilipopatikana ligi ya Weusi yenye ratiba, msimamo na kanuni, iliyodumu zaidi ya msimu mmoja. Jibu hilo ni sahihi, lakini ndani yake mna kejeli nzito, kwa sababu ligi hiyo iliasisiwa na mtu anayejulikana. Ni Andrew Foster, aliyeitwa Rube, ambaye tarehe 13 Februari 1920 aliwakusanya wenye timu katika jengo la chama cha vijana Wakristo (YMCA) la mtaa wa Paseo mjini Kansas City. Mtu huyo alikuwa mrushaji, yaani mchezaji anayemrushia mpigaji mpira, aliyeogopwa kuliko wote katika besiboli ya Weusi kwa sehemu kubwa ya muongo wa kwanza wa karne ya ishirini. Alipoifungua ligi alikuwa na umri wa miaka 40, mwili umenenepa na mkono umechoka. Kitabu kikaanza pale alipokwisha kurusha. Aliyeukata mlango amebaki kizingitini, ametajwa kama mwasisi na meneja, huku kazi iliyompatia jina ikiwa nje ya hesabu.

Wapo wanaotaka kosa hilo lirekebishwe kwa kuongeza kurasa. Siwapingi, ila nadhani wanatafuta mizani isiyomfaa. Hata mechi zake zote zingepatikana na kuhesabiwa moja moja, Foster angebaki mtu ambaye takwimu hazimtoshi. Anayetaka kumpima sharti aulize maswali ya aina nyingine: alijenga nini, alijenga kwa nyenzo zipi, na kwa nini jengo lilitikisika mara tu yeye alipoanguka.

Alizaliwa mwaka 1879 Calvert, Texas, mji wa mashamba ya pamba, mtoto wa mchungaji wa kanisa la Kimethodisti la Weusi. Mwanzoni mwa miaka yake ya ishirini alikwishatoka kwao kuufuata mpira. Wakati huo mlango wa ligi za Wazungu ulikuwa umefungwa. Moses Fleetwood Walker alikuwa amecheza Toledo mwaka 1884 katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu, lakini kabla karne haijaisha wenye timu walikwishaelewana, bila kuandika popote, kwamba Mweusi asisajiliwe. Ubaguzi usio na karatasi ni mgumu kuupiga vita, kwani hakuna kifungu cha kukipeleka mahakamani. Wachezaji Weusi wakabaki na timu za kuzunguka, zilizocheza na yeyote aliyekubali kucheza nao, leo mjini, kesho kijijini, na malipo yakitegemea watu waliokata tiketi.

Katika mazingira hayo Foster alipanda haraka mno. Mwaka 1903, akiwa na Cuban X-Giants, alishinda mechi nne katika mfululizo wa kugombea ubingwa wa Weusi dhidi ya Philadelphia Giants. Mwaka uliofuata akahamia kwa hao hao Philadelphia Giants na kuifunga timu aliyotoka. Katika mechi mojawapo aliwatoa wapigaji 18 kwa kuwakosesha mpira. Mwaka 1907 akaenda Chicago kujiunga na Leland Giants, timu ambayo msimu huo inatajwa kushinda mechi 110 na kupoteza 10. Takwimu za namna hiyo lazima zisomwe kwa tahadhari, kwa sababu ndani yake wamo wapinzani hodari na wamo pia vijana wa mtaani waliokusanyika Jumapili. Hapo ndipo hoja ya wakuu wa 2024 inapopata nguvu, na ni haki kuikubali.

Cha thamani zaidi kuliko namba ni alichoandika mwenyewe. Katika kitabu cha historia ya besiboli ya Weusi kilichotolewa na Sol White mwaka 1907, Foster alichangia mafunzo mafupi ya urushaji. Humo anaeleza saa ngumu kuliko zote kwa mrushaji: vituo vyote vitatu vimejaa wakimbiaji, mipira mitatu mibovu imekwishahesabiwa (wa nne humpa mpigaji kituo bure), mpigaji amekwishakosa mara mbili (ya tatu humtoa), na mpira mmoja uliobaki ndio utakaoamua. Ushauri wake ni kutohangaika. Onyesha uchangamfu, anasema, kana kwamba hakuna linalokusumbua. Yeye mwenyewe ametabasamu mara nyingi katika hali hiyo, na tabasamu lile humyumbisha mpigaji. Anayesoma maneno hayo anaona kwamba kwake mrushaji alikuwa akicheza na moyo wa mpigaji kabla ya kucheza na mpira. Kipaji hicho baadaye alikitumia katika vyumba vya mikutano.

Hapa niseme jambo linaloniudhi katika masimulizi mengi juu yake. Mara utasikia kwamba jina la Rube, ambalo katika Kiingereza cha mtaani cha siku zile lilimaanisha mshamba, alilipata kwa kumshinda Rube Waddell, mrushaji maarufu Mzungu. Mara utaambiwa kwamba ndiye aliyemfundisha kwa siri Christy Mathewson, nyota wa New York Giants, mpira wake uliopinda kwa namna ya pekee. Habari hizi ni tamu na huenda moja ina chembe ya ukweli, lakini ushahidi wake ni hafifu. Linaloniudhi zaidi ni kiu iliyomo ndani yake: mkubwa Mweusi haaminiki mpaka apatikane Mzungu wa kumshuhudia. Foster hakuhitaji kivuli cha Mathewson. Tena, mechi tunazoweza kuzithibitisha zinafundisha zaidi kuliko ngano hizo, hata zile alizoshindwa.

Chukua ile ya Oktoba 1909. Leland Giants walicheza mechi tatu na Chicago Cubs, timu ya Wazungu iliyokuwa bingwa wa Marekani mwaka 1907 na 1908. Cubs walishinda zote tatu, lakini kwa shida. Ya pili aliirusha Foster, ambaye kiangazi kile alikuwa amevunjika mguu na alikuwa hajarusha kwa miezi. Aliingia awamu ya tisa, ya mwisho, akiongoza 5-2. Cubs wakazirudisha tatu, matokeo yakawa sare, na Frank Schulte akiwa kituo cha tatu. Foster akaondoka kilimani, pale anaposimama mrushaji, kwenda kuzungumza na benchi lake juu ya kuingiza mrushaji mwingine. Alidhani mchezo umesimama. Mwamuzi hakuwa ameusimamisha. Schulte akatimka kuelekea nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta alama, akaingia, na mechi ikaisha 6-5. Malalamiko hayakubadili kitu.

Huwezi kujua ni nini kilipita moyoni mwa Foster alipokuwa akitoka uwanjani jioni ile. Tunachojua ni mwelekeo aliouchukua baada ya hapo: kila mwaka alizidi kutaka kuwa na usemi katika ratiba, katika uwanja na katika fedha, yaani katika mambo yale ambayo mchezaji huyakuta yamekwishaamuliwa na wengine. Mwaka 1911 akaungana na John Schorling, mfanyabiashara Mzungu wa baa, wakaanzisha Chicago American Giants katika uwanja wa mbao wa 39th na Wentworth, ambao White Sox, timu ya ligi kuu ya Chicago, walikuwa wameuacha. Makubaliano yao yalikuwa ya kupeana mikono. Msomaji ayaweke akilini makubaliano hayo, kwani tutayarudia.

American Giants ilikuwa timu ya aina yake. Ilisafiri kwa behewa la kukodi la Pullman, lenye vitanda, jambo ambalo katika nchi ya vyumba vya kusubiria vilivyotengwa kwa rangi lilikuwa fahari na kinga kwa wakati mmoja. Foster alikaa benchi na kiko mdomoni, na wachezaji walisema kwamba aliwapa ishara kwa moshi wake. Aliwaita watu wote, wakubwa kwa wadogo, "mpenzi", lakini aliyeguswa na mpira akiwa amesimama badala ya kuteleza kwenye kituo alitozwa faini ya dola 5. Mchezo wake ulikuwa wa mbio na hila: kuugusa mpira kidogo kwa gongo ili uanguke karibu, mabeki wakurupuke kuuokota, na mkimbiaji awe amekwishafika. Inasimuliwa kwamba mwaka 1921, wakiwa nyuma 18-0 dhidi ya Indianapolis ABCs na mechi inaelekea ukingoni, aliagiza mguso baada ya mguso hadi wapinzani wakachanganyikiwa, na jua likazama ubao ukisoma 18-18.

Yote hayo yangemfanya meneja mzuri tu. Kilichomtofautisha ni kwamba aliusoma wakati. Kati ya 1910 na 1920 idadi ya Weusi mjini Chicago ilipanda kutoka karibu 44,000 hadi zaidi ya 109,000, watu waliotoka Kusini kufuata kazi za viwandani na machinjioni. Walikuwa na mishahara, walikuwa na Jumapili, na walikuwa na gazeti lao, Chicago Defender. Foster aliona kwamba soko lipo tayari, ila fedha zake zilikuwa zikiishia kwa mawakala Wazungu waliopanga mechi na kukata kamisheni. Kisha zikaja ghasia za Julai 1919, ambazo katika Chicago peke yake ziliua watu 38, Weusi 23 na Wazungu 15. Miezi michache baadaye alikuwa akiandika mfululizo wa makala katika Defender, akiwaeleza wenye timu kwamba wanaangamizana kwa kuibiana wachezaji, na kwamba bila ligi hawatajenga chochote cha kuwaachia watoto wao.

Mkutano wa Kansas City ukazaa Negro National League, yaani Ligi ya Taifa ya Weusi, yenye timu nane, kutoka Chicago hadi St. Louis na Dayton, pamoja na Cuban Stars. Kila mwenye timu aliweka dhamana ya dola 500. Wote walikuwa Weusi isipokuwa J. L. Wilkinson wa Kansas City Monarchs, ambaye Foster alisita kumkubali, kisha akaelewa kwamba ligi bila Kansas City ni nusu ligi. Ili timu zilingane nguvu, alimtoa Oscar Charleston, mmoja wa wachezaji bora kabisa wa zama zile, akampeleka Indianapolis. Mechi ya kwanza ilichezwa huko huko tarehe 2 Mei 1920. Na ligi ikachukua kaulimbiu ambayo chanzo chake ni Frederick Douglass, Mweusi aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa: sisi ndio jahazi, vingine vyote ni bahari.

Kaulimbiu hiyo inapendeza, na msomaji wa pwani ataipokea kwa moyo mkunjufu. Lakini Waswahili pia wana neno lao juu ya vyombo: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Foster aliliamini neno hilo, ingawa hakulijua, na akaliamini kupita kiasi. Alikuwa rais wa ligi, mwenye timu yenye nguvu kuliko zote, na mpangaji wa mechi, akichukua asilimia 5 ya mapato ya viingilio. Timu yake ilipata mechi nyingi za nyumbani kuliko wenzake, na ikatwaa ubingwa wa 1920, 1921 na 1922 mfululizo. Hakuna ligi ya mpira, iwe ya mkoa au ya taifa, ambayo mashabiki wangevumilia rais wake awe pia kocha wa bingwa. Manung'uniko yalikuwa mengi, na sehemu kubwa yalikuwa ya haki.

Utetezi wake nao hauwezi kupuuzwa. Asilimia ile haikuwa mshahara wa bwanyenye; mara nyingi ilirudi kwa timu zilizokwama njiani bila nauli ya treni, na nyingine ilitoka mfukoni mwake kabla haijakusanywa. Mtu anayeanzisha taasisi ya watu wasio na benki ya kuwakopesha hujikuta yeye ndiye benki. Ninachokikosoa si kushika kwake madaraka mwaka 1920, wakati pengine hapakuwa na mwingine wa kuyashika. Ninachokikosoa ni kwamba kufikia 1925 alikuwa bado ameyashika yote, na hakuna aliyekuwa ameandaliwa kuyapokea.

Nyufa zilianzia mashariki. Ed Bolden, mwenye timu ya Hilldale karibu na Philadelphia, aligombana na Foster juu ya dhamana ya dola 1,000 ambayo Foster alikataa kuirudisha, na mwishoni mwa 1922 akaunda ligi yake ya mashariki. Ligi hiyo ikaanza kuwanyakua wachezaji wa Foster kwa mishahara minono, ugonjwa ule ule aliouandikia makala. Mwaka 1924 pande mbili zikapatana vya kutosha kuchezesha fainali ya mabingwa wao, mechi kumi kati ya Monarchs na Hilldale, na Monarchs wakashinda. Timu ya Foster haikuwamo.

Mwaka 1925, akiwa Indianapolis, alikutwa amezirai chumbani kwa gesi iliyovuja. Aliokolewa, lakini mwaka uliofuata akili yake iliharibika kiasi cha kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kankakee, Illinois. Watu wameunganisha matukio hayo mawili kana kwamba moja ni sababu ya jingine. Mimi sithubutu, yatosha kwamba hakutoka humo tena hadi kifo chake, tarehe 9 Desemba 1930, akiwa na miaka 51.

Sasa turudi kwenye makubaliano ya kupeana mikono. Kwa kuwa hapakuwa na mkataba wa maandishi kati ya Foster na Schorling, familia ya Foster haikupata sehemu yoyote ya timu aliyoijenga kwa miaka 15. Schorling aliendelea nayo, na mwaka 1928 akaiuza kwa William Trimble, Mzungu muuza maua. Mtu aliyehubiri kwamba besiboli ya Weusi imilikiwe na Weusi hakuwa ameandika hata ukurasa mmoja wa kuilinda timu yake mwenyewe. Nalitazama jambo hili kuwa kosa lake kubwa kuliko yote, kubwa kuliko ule upendeleo wa ratiba uliolalamikiwa. Ligi yenyewe haikuvuka msimu wa 1931. Mdororo wa uchumi ulichangia, bila shaka, lakini ligi iliyokosa nahodha kwa miaka mitano ilikuwa imekwishaingiza maji kabla dhoruba haijafika.

Hata hivyo wazo halikufa. Ligi nyingine zikainuka juu ya ramani ile ile aliyoichora, zikitumia miji ile ile na mara nyingine timu zile zile. Monarchs walidumu, na mwaka 1945 walimchezesha kijana aitwaye Jackie Robinson. Branch Rickey, mkuu wa Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kuu, alimsajili kutoka kwao bila kuwalipa hata senti. Aprili 1947 Robinson akaingia ligi kuu, na wengine wakafuata, mmoja mmoja, waliochaguliwa kwa mkono, huku timu walizotoka zikikosa watazamaji na kufa pole pole. Foster alikuwa akiwaambia watu wake wawe tayari kwa siku ambayo mlango utafunguliwa, na utayari alioujenga yeye ulikuwa wa timu, viwanja, waamuzi na ofisi. Mlango ulipofunguliwa, walioruhusiwa kupita walikuwa wachezaji peke yao. Sijui wangeweza kujadiliana vipi wakati huo bila kiongozi wa kimo chake, ila ni wazi kwamba hapakuwa na aliyeketi mezani kudai bei ya jengo.

Ndiyo maana kitabu cha 2024 kinanipa furaha yenye kasoro. Kinachopokelewa humo ni kile kile kilichopokelewa mwaka 1947, yaani mchezaji mmoja mmoja na alama zake. Foster aliingizwa katika ukumbi wa magwiji wa Cooperstown mwaka 1981, miaka 51 baada ya kufa, na hapo walau anatambuliwa kwa kuunda ligi. Katika orodha za warushaji bora zinazotolewa sasa humkuti. Zile mechi nne za 1903 hazimo, wala wale wapigaji 18 wa mwaka 1904.